Somo: Kuchagua uwiano wa difu ili SUV yako irudishe nguvu

Wakuu, kila mtu akifunga tairi kubwa kwenye SUV yake, baada ya muda huja na lalamiko lilelile: gari limekuwa zito, mlimani linaomba gia ya chini, gia ya tano imebaki pambo. Wengi hukimbilia injini. Wanasafisha nozeli, wanabadilisha chujio, wanapima turbo. Kama gari lilikuwa linavuta vizuri kabla ya tairi mpya, injini haina ugonjwa wowote. Kilichobadilika ni mizunguko ambayo injini inaitoa ili gari lisogee mita moja, na dawa yake iko kwenye difu, lile boksi la gia lililo katikati ya ekseli.

Ndani ya difu kuna gia mbili zinazotuhusu: pinioni, ile ndogo inayozungushwa na propela (shafti inayoleta mzunguko kutoka gia boksi), na krauni, ile kubwa inayozungusha ekseli. Gawanya meno ya krauni kwa meno ya pinioni upate uwiano. Krauni ya meno 41 na pinioni ya meno 10 ni 4.10. Meno 41 kwa 9 ni 4.56. Meno 39 kwa 8 ni 4.88. Namba ikiwa kubwa, propela inazunguka mara nyingi zaidi kwa kila mzunguko wa tairi, torki (nguvu ya kuzungusha) inayofika kwenye tairi inaongezeka, na spidi ya kila gia inapungua. Difu haiongezi nguvu ya injini hata kidogo. Unachofanya ni kuuza spidi ili ununue mvuto, na hesabu zote zilizo hapa chini ni za kujua uuze kiasi gani.

Hatua ya 1: Ijue difu iliyopo

Usitegemee maneno ya aliyekuuzia gari. Bamba la utambulisho huwa na msimbo wa ekseli, lakini kwenye gari lililopita mikono mingi difu inaweza kuwa ilishabadilishwa. Hesabu mwenyewe.

Simamisha gari mahali tambarare, weka vizuizi kwenye tairi za mbele, tia nyutro, kisha inua tairi moja tu ya nyuma na uweke stendi chini ya ekseli. Mtu halali chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Achia breki ya mkono. Chora alama kwenye tairi na nyingine kwenye propela. Zungusha tairi mara 20 huku mwenzako akihesabu propela. Kwa kuwa tairi ya upande wa pili imesimama, mizunguko 20 ya tairi moja ni sawa na mizunguko 10 ya krauni. Propela ikizunguka mara 41, difu ni 4.10. Ikizunguka mara 43, ni 4.30. Mzunguko mmoja mmoja haukupi jibu la uhakika, ndiyo maana tunazungusha mara nyingi.

Mwenye difu iliyofungwa kwa loki (kifaa kinacholazimisha tairi mbili za ekseli kuzunguka pamoja) ainue tairi zote mbili za ekseli hiyo. Zitazunguka pamoja, na hapo mizunguko 10 ya tairi inatosha.

Hatua ya 2: Pima tairi halisi

Kwa hesabu ya namba za ubavuni, 265/70R16 ina kipenyo cha milimita 777 hivi, na 285/75R16 ina milimita 834. Ila tairi ikishabeba uzito wa gari hulala kidogo, na watengenezaji hawalingani. Chora alama ya chaki kwenye tairi na chini, sukuma gari mpaka tairi izunguke mara tano, pima umbali, gawa kwa 5, kisha gawa kwa 3.14. Hicho ndicho kipenyo kinachofanya kazi barabarani.

Hatua ya 3: Tafuta uwiano wa kukurudisha ulikokuwa

Uwiano mpya = uwiano wa zamani × kipenyo kipya ÷ kipenyo cha zamani.

Tuchukue gari lenye 4.10 lililotoka tairi ya 777 kwenda ya 834: 4.10 × 834 ÷ 777 = 4.40. Gia hazikatwi kwa kila namba unayoitaka. Kwenye 4x4 nyingi utakuta 4.30, 4.56, 4.88, na wakati mwingine 5.29. Kwa hiyo unasimama kati ya 4.30 na 4.56.

Mimi hapa huchukua ya juu, na sababu ni hii: ile 4.40 inakurudisha kwenye gari la kiwandani, lakini gari lako si la kiwandani tena. Tairi zenyewe ni nzito zaidi, kuna bampa la chuma, winchi, keria juu, pengine tangi la pili. Uzito huo haumo kwenye kanuni. Kwa hiyo ichukulie namba uliyoipata kuwa kiwango cha chini, kisha angalia hatua ya 4 kabla hujaamua.

Hatua ya 4: Angalia injini inazunguka wapi kwenye spidi yako

Hapa ndipo watu wengi huruka, na hapa ndipo somo lote lilipo.

Mizunguko kwa dakika = spidi (km kwa saa) × uwiano wa difu × uwiano wa gia × 5.3 ÷ kipenyo cha tairi (mita).

Gari letu la mfano lina gia ya juu yenye uwiano wa 0.85. Likienda km 100 kwa saa na difu ya 4.10 na tairi za zamani, injini inazunguka karibu 2,380. Funga tairi kubwa, inashuka hadi 2,215. Weka 4.56, inapanda hadi 2,465. Weka 4.88, inafika 2,635.

Sasa fungua kitabu cha gari utafute torki ya juu inapatikana kwenye mizunguko mingapi. Dizeli ya Toyota 1GD-FTV ya lita 2.8, ile ya otomatiki yenye Nm 450, hutoa torki hiyo yote kati ya 1,600 na 2,400. Injini ya namna hii hata ikishushwa hadi 2,215 bado iko nyumbani. Mwenye dizeli ya turbo yenye torki ya chini asikimbilie 4.88 kwa kuwa jirani yake kaweka. Anaweza kuishia na injini inayopiga kelele safari nzima bila faida yoyote.

Petroli isiyo na turbo ni habari nyingine. Chukua Jeep Wrangler JL yenye V6 ya lita 3.6: torki yake ya juu, Nm 353, iko 4,800. Otomatiki yake ya gia nane ina gia ya mwisho ya 0.67. Hata toleo lake la Rubicon lenye 4.10 kutoka kiwandani, ukiifunga tairi ya inchi 35 na kwenda km 100 kwa saa, gia ya nane inataka injini izunguke kama 1,640. Upepo kidogo wa mbele au kilima kifupi tu, gia boksi inarudi ya saba, inapanda ya nane, inarudi tena. Kwa 4.88 gia ileile inazunguka karibu 1,950. Ndiyo maana wenye Jeep za aina hii huzungumzia 4.56 na 4.88 kila siku, na ushauri wao haumfai mwenye dizeli.

Fanya hesabu kwa spidi unayokwenda kweli, si ile unayojisifia.

Hatua ya 5: Kabla hujalipa

Ekseli ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na uwiano mmoja. Hesabu seti mbili tangu mwanzo, pamoja na beringi na sili.

Uliza kama kikapu cha difu, yaani kile kinachobeba krauni, kinakubali uwiano unaoutaka. Ekseli za aina ya Dana 44 za kawaida, kwa mfano, zina vikapu viwili: kimoja kwa 3.73 kushuka chini, kingine kwa 3.92 kupanda juu. Ukivuka mpaka huo, kikapu nacho kinabadilishwa. Kama ulikuwa unafikiria kuweka loki, huu ndio wakati wake, kwa sababu difu inafunguliwa mara moja.

Angalia pia pinioni imekaa juu au chini ya mstari wa katikati wa krauni. Difu za mbele za baadhi ya magari, Land Cruiser 80 ikiwemo, zina pinioni ya juu na meno yake hukatwa kwa upande wa kinyume. Gia za difu ya pinioni ya chini haziingii humo.

Halafu kumbuka kuwa namba ikizidi kukua, pinioni inazidi kuwa na meno machache na kuwa nyembamba. Pinioni ya 5.29 ina meno saba tu. Kwa gari zito linalorukishwa kwenye miamba, mimi ningeishia 4.88.

Hatua ya 6: Kufunga na kuzoesha

Kazi hii si ya kujifunzia kwenye gari lako. Fundi anapaswa kuwa na geji ya kupima mchezo kati ya krauni na pinioni (nyingi huwekwa kati ya mm 0.15 na 0.25, ila fuata kitabu cha difu yako), apange shimu (vipande vyembamba vya chuma) za kina cha pinioni, na apake rangi kwenye meno aone yanapogusana. Akikuambia anafunga kwa sikio, mshukuru uondoke.

Gari likitoka, nenda taratibu kilomita 30 hivi, liache lipoe kabisa, rudia mara mbili tatu. Usivute trela wala kupakia mzigo mzito ndani ya kilomita 800 za kwanza, kisha mwaga oili ya difu uweke mpya ya daraja la GL-5. Oili ya kwanza hutoka na unga wa chuma, hilo ni la kawaida. Vipande si kawaida.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, bajeti imebana. Naweza kubadilisha ya nyuma tu, ya mbele nikasubiri mwisho wa mwaka?

Jibu: Kama 4WD yako (mfumo wa kuvuta kwa magurudumu yote manne) ni ya kuunganisha kwa lever, unaweza kutembea ukivuta kwa magurudumu mawili ya nyuma tu, kwa sharti kwamba hugusi ile lever hata ukikwama. Ukiunganisha, ekseli mbili zinataka spidi mbili tofauti, na kwenye ardhi ngumu kitakachovunjika ni transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) au propela. Kama gari ni la 4WD ya muda wote, usijaribu kabisa. Difu ya katikati itakuwa inazunguka bila kupumzika mpaka ijimalize. Ushauri wangu: subiri ufanye zote kwa pamoja.

Swali: Nimepata ya nyuma 4.10, na ya mbele wananiuzia 4.11. Nikatae?

Jibu: Chukua, ndugu yangu. Moja ni 41 kwa 10, nyingine ni 37 kwa 9. Tofauti haifiki hata asilimia moja, na tairi zenyewe hutofautiana zaidi ya hapo zikilika.

Swali: Mafuta yataongezeka kiasi gani?

Jibu: Ukirudi kwenye mizunguko ya kiwandani, ulaji hautofautiani sana na ulivyo sasa na hizo tairi kubwa, na mjini huenda ukapungua kwa sababu hukanyagi sana kuondoka. Ukipitiliza, barabara kuu itakula. Ila usitegemee kurudi kwenye ulaji wa tairi ndogo. Tairi pana na gari lililoinuka vinasukuma hewa nyingi, na hilo difu haliwezi kulitibu.

Swali: Spidomita itadanganya?

Jibu: Inategemea inasoma wapi. Kama inasoma kwenye gia boksi au transfa, tairi kubwa zimeifanya isome pungufu: ikionyesha 100, unakwenda 107. Ukiweka 4.56, ikionyesha 100 utakuwa unakwenda 96 hivi, yaani umekaribia ukweli. Kama inasoma kwenye sensa za ABS za magurudumu, difu haiigusi, rekebisha tairi tu. Kwenye otomatiki za kisasa kompyuta lazima iambiwe uwiano mpya, la sivyo itabadilisha gia kwa wakati usiofaa na kuwasha taa.

Swali: Fundi, yangu ni SUV ndogo, injini imelala kwa upande na inavuta mbele. Nikibadilisha difu ya nyuma nitapata nguvu?

Jibu: Hapana, na utaharibu gari. Kwenye magari hayo uwiano wa mwisho uko ndani ya gia boksi yenyewe, na ekseli ya nyuma inafuata tu. Rudi kwenye saizi ya tairi iliyoandikwa mlangoni, hiyo ndiyo njia pekee yenye akili.

Swali: Mimi shida yangu ni kupanda miamba polepole, barabarani gari liko sawa. Difu bado ni jibu?

Jibu: Si lazima. Zidisha gia ya kwanza, gia ya chini ya transfa, na difu. Gari lenye 4.31, 2.49 na 4.10 linapata 44. Ukiweka 4.56 unapata 49, nyongeza ndogo kwa kazi ya kufungua ekseli mbili. Gia za chini za transfa zenye uwiano wa 4 kwa 1 zingekufikisha karibu 71 bila kugusa mwendo wa barabarani. Kwako wewe anzia kwenye transfa.

Swali: Nimeshafunga, sasa difu inalia kama king'ora nikikanyaga, nikiachia inanyamaza. Itazoea?

Jibu: Haitazoea. Sauti ya kukanyaga tu huonyesha meno hayagusani panapotakiwa, mara nyingi kina cha pinioni hakiko sawa. Muulize fundi kitu kimoja zaidi: krauni na pinioni ni za seti moja? Huwa zimegongwa namba zinazolingana, kwa sababu zimesagwa pamoja kiwandani. Kama namba ni mbili tofauti, hakuna shimu itakayozipatanisha. Lirudishe sasa, kabla meno hayajachora alama za kudumu.