Namna ya kuitafuta historia ya duka la zamani la vitrekta vya bustani mjini kwako kabla wazee hawajaondoka nayo

Trekta yangu ya kwanza hapa Louisville, Kentucky, niliinunua kwa mzee mmoja aliyekuwa anahamia kwa binti yake. Cub Cadet ya njano na nyeupe, toleo lile la mwanzo kabisa, injini ya Kohler ya nguvu za farasi 7, imekaa bandani miaka na miaka. Nikaileta nyumbani, nikaisugua na msasa wiki nzima, nikapiga rangi ikawaka. Baada ya miezi mitatu hivi jirani akaja kuiona, cha kwanza kuniuliza, hii ilitoka duka gani? Maana zamani maduka mengi yalikuwa yanabandika stika zao kwenye madigadi ya nyuma au kwenye kisanduku cha vifaa. Na mi hiyo stika niliiona kabisa, nyekundu, imepauka, mistari mitatu ya maandishi, nikaipitishia msasa kama uchafu tu. Yule mzee aliyeniuzia alishafariki. Kile kilichoandikwa pale sitakijua tena, na inaniuma kweli.

Ndo maana nawaandikia hii, hasa sisi tuliopo huku Marekani ambao tunanunua hizi mashine kwa ajili ya kazi za kukata majani au tunazipenda tu. Tukikosea kidogo tunafuta kitu ambacho hata wenyeji wenyewe walishakisahau.

Kwa ambaye hajawahi kuziona, trekta ya bustani sio ile mashine ya kukaa na kukata nyasi tu inayouzwa supamaketi. Hii ina gia na ekseli za maana, unaifunga jembe, haro, bapa la kusukuma theluji, tela, na bado inakata majani. Wakubwa wake unawajua kwa miji yao, Wheel Horse ilianzia South Bend, Indiana, kwa familia ya Pond mwaka 1946, John Deere walileta 110 yao mwaka 1963 kutoka Horicon, Wisconsin, Simplicity na Bolens wote walikuwa mji mmoja mdogo, Port Washington, Wisconsin, na Gravely walikuwa Dunbar, West Virginia, wakitengeneza ile ya magurudumu mawili unayotembea nyuma yake, ukimuonyesha mkulima wa mpunga wa Mbarali atakwambia hiyo si pawatila tu. Cub Cadet ya kwanza ilitoka kiwanda cha International Harvester hapa hapa Louisville, kilekile kilichokuwa kinatengeneza Farmall Cub, trekta yao ndogo ya shamba, tangu 1947. Siku hizi nikiongea Kiswahili na wenzangu kwenye maduka ya mji huu nawaza kwamba mashine yangu na mimi tuna mji mmoja.

Anza na chuma chenyewe, na kabla hujagusa maji. Piga picha kila upande, halafu usiku chukua tochi uimulike kwa pembeni, sio kwa mbele, maandishi yaliyofutika huwa yanaacha kivuli kidogo kwenye rangi na mwanga wa pembeni unakitoa. Angalia madigadi, chini ya siti, ndani ya boneti, nyuma ya dashibodi, hata kwenye jembe na bapa, sababu mara nyingi vifaa vilinunuliwa duka jingine. Kusafisha tumia maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na kitambaa laini. Petroli hapana, tina hapana, ile pampu ya maji ya presha ndo kabisa usiisogeze.

Ukipata stika isome kama barua. Namba ya simu ikianza na herufi au jina la kituo cha simu, hiyo ni ya zamani, kabla namba tupu hazijaenea. Kama anwani ina zipu kodi, ile namba ya posta ya eneo, basi stika ilichapwa 1963 au baadaye, maana ndo mwaka zilipoanza. Ila ikikosa zipu kodi usikimbilie kusema ni ya kabla ya hapo, mwenye duka akiwa na boksi zima la stika hawezi kuzitupa kwa sababu posta wamebadilisha utaratibu.

Rangi nayo inaongea. International Harvester waliiuza Cub Cadet kwa kampuni ya MTD mwaka 1981, lakini kwa miaka michache baada ya hapo kuna zilizopakwa nyekundu zikapelekwa kwenye maduka ya International, kwahiyo ukikuta Cub Cadet nyekundu ya wakati ule unajua uanzie mlango gani. John Deere nao kuanzia 1969 mpaka 1971 walitoa trekta nyeupe zenye boneti na siti za rangi za kuchagua, nyekundu, njano, bluu na chungwa, ukikuta ya hivyo muulize mzee yeyote wa mji ule kama anaikumbuka dukani, ataikumbuka, maana kila mtu alizoea Deere ya kijani. Na Simplicity walikuwa wanawatengenezea Allis-Chalmers, kampuni nyingine ya matrekta, tangu 1961, mpaka Allis wakainunua kampuni yenyewe 1965, kwahiyo trekta karibu ileile iliweza kuuzwa kwenye maduka mawili yanayotazamana, kila mmoja anasema yake ndo bora. Kama kibati cha namba kinaanza na 917, hiyo ni ya Sears, ile kampuni ya maduka makubwa, ilipitia mtandao wa Sears wenyewe, duka la wakala hapo usihangaike kulitafuta.

Sasa jina la duka unalo. Watu wengi hapa wanakimbilia makaratasi, mi nasema hapana, nenda kwa wazee kwanza. Karatasi ipo maktaba haiendi kokote, ila aliyekuwa kijana wa miaka 20 kwenye kaunta ya spea mwaka 1965 leo ana zaidi ya 80.

Unampataje? Nenda kwenye maonyesho ya trekta za zamani, kaunti nyingi zina yake kipindi cha kiangazi, nenda na trekta yako au hata picha kubwa ya stika uliyoichapa, iweke mezani ukae kimya. Watakuja wenyewe. Vile vimgahawa vya kifungua kinywa ambako wazee wanakunywa kahawa saa 12 asubuhi, muulize anayehudumu, huyo anajua nani alifanya kazi wapi. Makanisa pia. Usimsahau mjane wa mwenye duka, sehemu nyingi mama ndo alikuwa anaandika vitabu vya hesabu na anajua nani alilipa na nani mpaka leo hajalipa, ila historia yote inaandikwa kwa jina la baba. Mi nikikutana na familia namuulizia mama kabla sijamuulizia mzee.

Adabu ya kwao ni tofauti kidogo na yetu. Huku hutamwamkia shikamoo, ila ukimwita Mister na jina la ukoo mpaka yeye mwenyewe akwambie tumia jina langu, amekusikia. Usianze na rekoda mezani. Anza na tatizo la trekta, la kweli sio la kutunga, mwambie kabareta yangu inavuja au gia ya pili inaruka, mpe nafasi ya kuwa fundi tena, akishaanza kuchora kwa kidole hewani ndo unaomba ruhusa ya kurekodi. Kuna mmoja nilimpelekea pampu ya mafuta tu, akaishika, akanitajia namba yake ya spea yote bila kuangalia popote, halafu akanyamaza kidogo akasema rafu ya tatu, kushoto. Duka lile lilikuwa limefungwa zaidi ya miaka 30.

Maswali ya "duka lilianza lini" yaache ya mwisho, yanamfanya mtu ahisi yuko kwenye mtihani. Uliza vitu vya macho na pua. Kaunta ilikuwa ya mbao au bati? Nani alikuwa anafungua asubuhi? Trekta zilifikaje, kwenye makreti, na nani alikuwa anazifunga magurudumu na usukani? Dirisha la mbele waliweka ipi msimu wa machipuko, na majira ya theluji yakikaribia wanabadilisha? Mkulima aliruhusiwa kulipa baada ya mavuno? Walikuwa wanapeleka trekta kwa mteja akaijaribu shambani kwake kabla hajanunua? Kisha uliza siku ya kufunga. Hapo nenda taratibu. Mwishoni mwa 1980 riba ya benki kwa wakopaji wazuri kabisa ilifika asilimia 21.5, wakulima wakaanguka, na duka linaloweka mashine kwa mkopo likaanguka nao. Mwaka 1985 kitengo cha kilimo cha International kikaunganishwa na Case, mshindani wao wa matrekta, na kwenye mji wenye wakala wa Case na wakala wa International pande mbili za barabara, mara nyingi mmoja ilibidi afunge. Kwa wengine hicho ni kidonda hadi leo, na sio lazima ukirekodi.

Ukitoka kwa wazee ndo uingie maktaba, sasa unajua unachotafuta. Kitu kizuri kuliko vyote ni vitabu vya anwani za mji, vile vya Polk na wenzake, sababu havitaji biashara tu, vinataja mtu mmoja mmoja, kazi yake na mara nyingi anapofanyia. Unaweza kupata fundi, muuzaji, karani, dereva, wote wa duka lako, mwaka kwa mwaka, unaona nani kaingia nani katoka. Kitabu cha simu kurasa za njano kinakupa tangazo na nembo. Magazeti ya zamani Maktaba ya Bunge la Marekani wameyaweka mtandaoni bure, tafuta matangazo ya Machi hadi Mei, na usitafute jina la duka peke yake, tafuta na namba ya simu, maana kompyuta inasoma vibaya yale maandishi ya zamani na majina ndo yanaharibika zaidi, Wheel Horse utaikuta imeandikwa kila namna. Ramani za Sanborn, zilizochorwa kwa ajili ya bima ya moto, zinakuonyesha jengo lenyewe, pinki ni tofali, njano ni mbao. Na kama duka lako lilikuwa la International, Wisconsin Historical Society kule Madison ndo wanatunza hazina ya kumbukumbu za kampuni hiyo, picha tele.

Halafu nenda ulione jengo, hata kama leo ni kanisa au duka la matairi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia International walimpa mbunifu Raymond Loewy, yuleyule aliyewachorea nembo, abuni jengo la mfano la maduka yao, lina mnara mnene mwekundu mbele na vioo vikubwa, na mengi bado yamesimama. Ukishaujua ule mnara unauona kila mji unaopita hata kama wameupaka rangi nyeupe. Piga picha kutoka pembe ileile ya picha ya zamani. Angalia sakafu kama utaruhusiwa kuingia, madoa ya mafuta kwenye saruji yanakuonyesha karakana ilikuwa wapi. Kusanya na vidogo vidogo vilivyotolewa bure, rula za mbao za yadi moja, kalenda, kofia, viberiti, funguo zenye kibati, vinauzwa kwa bei ya chini kabisa kwenye mauzo ya vitu vya marehemu, na jina la duka limo.

Kutunza ni kazi fupi ila usiiruke. Skani picha kwa 600 dpi, nyuma yake pia, maana majina yapo nyuma. Sauti weka nakala mbili sehemu mbili tofauti, na jina la faili liwe na jina la mzee, mji na tarehe, sio "rekodi mpya 14". Mwombe asaini karatasi fupi ya ruhusa siku hiyohiyo. Nakala moja peleka kwa maktaba au jumuiya ya historia ya kaunti yake, hata kama wewe unaishi kwingine, na nyingine ichape umrudishie yeye na watoto wake, kwa mkono kama unaweza.

Sasa hivi nina Wheel Horse kutoka upande wa pili wa mto, Indiana kusini, ina kutu madigadi yote na stika ya duka nusu nzima, jina la mji linasomeka na tarakimu nne za simu. Jumamosi naenda kwenye kimgahawa cha huo mji na picha yake. Kutu nimeipaka mafuta, stika nimeiwekea nta, na rangi sipigi.