Kunyoosha Picha za Rada za Milima ya Usambara

Picha ya rada ya setilaiti huonyesha vizuri Jiji la Tanga na tambarare ya pwani, lakini ikifika Mombo, pale ukuta wa Usambara Magharibi unapopanda ghafla kuelekea Soni na Lushoto, huanza kupotosha. Rada hupanga vitu kwa muda ambao mwangwi huchukua kurudi. Kwa hiyo mteremko unaoitazama setilaiti hubanwa na kung'aa kupita kiasi, na ukiwa mkali kuliko pembe ya mawimbi kutoka wima, mteremko hupinduka: kilele hutangulia bonde lake na mwangwi wa sehemu hizo mbili huchanganyika katika pikseli moja. Mchanganyiko huo hautenganishwi na programu yoyote katika picha hiyo pekee.

Ndiyo maana kazi huanzia kwenye uchaguzi wa picha. Sentinel-1, setilaiti ya rada ya Ulaya, hutazama kuliani mwake: ikipita kuelekea kaskazini huangalia mashariki, na ukuta wa Mombo, ambao umeelekea kusini-magharibi, hubanwa, ikipita kuelekea kusini huangalia magharibi, na ukuta huohuo hutandazika. Angalia pia eneo lako limeangukia wapi katika upana wa picha wa kilomita 250, kwani pembe ya mawimbi huanzia takriban digrii 29 upande wa karibu hadi 46 upande wa mbali. Mteremko wa digrii 35 uliopinduka kwenye pembe ya 31 utabanwa tu kwenye pembe ya 44.

Katika SNAP, programu ya bure ya Shirika la Anga la Ulaya, weka kwanza obiti sahihi, ondoa kelele za joto la mitambo, kisha sanifisha picha kwa kipimo cha beta, yaani nguvu ya mwangwi isiyozingatia bado mteremko wa ardhi. Hatua inayofuata ndiyo inayorukwa na wengi: kusawazisha mng'ao kwa kutumia ramani ya miinuko, ili kila pikseli igawanywe kwa eneo halisi lililomulikwa. Kurekebisha mahali peke yake, kwa UTM kanda ya 37 Kusini (mfumo wa ramani unaotumia mita), huhamisha pikseli lakini huacha mng'ao wa uongo. Ramani ya miinuko ya Copernicus, mpango wa Ulaya wa kuitazama dunia, yenye pikseli za mita 30 naiona bora kuliko ile ya SRTM, iliyopimwa kwa rada ya chombo cha anga cha Marekani Februari 2000.

Sehemu zilizopinduka na zenye kivuli zifunikwe, zisipakwe rangi ya kubahatisha.

Chengachenga, yaani vidoadoa vya mwanga na giza vya picha za rada, zishughulikiwe baadaye. Badala ya kichujio kizito kinachofuta mipaka ya mashamba, chukua wastani wa picha tisa za njia ileile. Ikiwa chengachenga za kila picha ni huru, zitapungua hadi theluthi. Piga wastani kabla ya kubadili thamani kuwa desibeli (kipimo cha logi), na usichanganye picha za masika na za kiangazi, kwa kuwa udongo uliolowa huongeza mng'ao.

Mwisho pima msitu mmoja, mathalani Magamba, pande zote mbili za kilima. Tofauti ikibaki kubwa, linganisha mabonde ya picha na ya ramani ya miinuko: mara nyingi yamepishana kwa pikseli chache, na usawazishaji unapaswa kurudiwa.