Namna ya kurekodi kumbukumbu za wazee wa Lamu kuhusu enzi za Mzee Kenyatta

Kinachoharibu mahojiano mengi ni kuuliza mwaka. Mzee wa Mkomani au Langoni, mitaa ya mji wa Lamu, akiulizwa, "Mwaka 1963 ulikuwa wapi?" atatafuta jibu la kukuridhisha, maana siku zake hakuzihesabu hivyo. Alizihesabu kwa mfungo, Maulidi, na pepo za kusi na kaskazi.

Basi kabla ya kupiga hodi, zigeuze tarehe za Jomo Kenyatta ziwe za mwezi mwandamo. Uhuru, 12 Desemba 1963, uliangukia mwisho mwisho wa Rajabu, Miraji imekaribia. Kenyatta alifariki Mombasa Jumanne, 22 Agosti 1978, Ramadhani imefika kati. Ukiuliza, "Mzee, siku ile mmefunga, nani aliyekuletea habari?" utapata mtu, mahali na saa. Hesabu ya kalenda hupishana na mwandamo kwa siku moja au mbili, kwa hiyo usibishane naye.

Penye utajiri zaidi ni suala la Mwambao, yaani kama pwani iwe ya Kenya au ijitawale. Oktoba 1963 Kenyatta, wakati huo waziri mkuu, aliandikiana barua na Mohammed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, kuhusu ukanda wa pwani wa maili kumi uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, na ulinzi wa mahakama za kadhi ukawa miongoni mwa ahadi. Uliza watu walisemaje barazani: nani alitaka Kenya, nani alitaka Mwambao ujitawale, na nani alinyamaza. Hapa nenda polepole. Majirani wakiwapo, maneno hupunguzwa. Rudi siku nyingine, mkae ndani ya nyumba, si barazani.

Baadaye fuata vita vya shifta, waasi waliotaka kujitenga na kuungana na Somalia, na Wabajuni, watu wa visiwa na pwani ya kaskazini ya Lamu, waliohama makwao ng'ambo ya visiwa, kisha makazi ya Mpeketoni ya miaka ya 1970, ya watu waliotoka mikoa mingine, yaliyopewa jina la Ziwa Kenyatta. Wahojiwa wa Mpeketoni nao wana haki ya kusikilizwa, tena kwao, kwa siku yao. Ukiwaweka pamoja na mzee wa Kibajuni, utarekodi mabishano ya ardhi badala ya kumbukumbu.

Kosa linalojirudia ni kumchanganya Kenyatta na wafungwa wa kisiasa waliozuiliwa Manda, kisiwa jirani na Lamu. Yeye alifungwa Lokitaung, akahamishiwa Lodwar, kisha Maralal, akaachiliwa Agosti 1961. Andika alivyosema mzee, na sahihisho liwe pembeni katika daftari lako. Pembeni hapo hapo tia alama: N kwa aliloliona, S kwa alilosikia.

Simu yatosha. Izime mtandao, iweke juu ya kikoi kilichokunjwa ili isipokee kishindo cha meza, kama sentimita 30 kutoka kinywani. Jaribu kwa dakika moja, usikilize. Pwani, upepo wa kusi na injini za mashua hufunika sauti. Ua wa ndani ni bora. Baada ya Alasiri kuna nafasi nzuri, lakini maliza kabla ya adhana ya Magharibi. Dakika 45 zinatosha.

Ridhaa irekodiwe mwanzoni kwa sauti yake mwenyewe, pamoja na kama jina litajwe au lisitajwe. Unaponakili, acha Kiamu, lahaja ya Lamu, kama kilivyotamkwa: mato (macho), mtele (mchele), ndoo (njoo). Ukikisanifisha, umeipoteza sauti ya mtu. Siku hiyo hiyo weka nakala mbili, kisha mrudie umsomee ulichoandika, naye akitaka sehemu ifutwe, ifute.