Ovataimu ya msimu wa korosho: ninavyoivuka

Mwezi wa kumi ukishaingia Mtwara, usimtegemee karani wa ghala kwenye kamati ya harusi. Korosho zinashuka kutoka Newala, Tandahimba na Masasi, malori yanapanga foleni hadi usiku, na msimamizi anapita na orodha: "Wiki hii saa moja asubuhi mpaka saa tatu usiku, sitaki udhuru." Nina msimu wa saba kwenye mizani. Wewe unayeanza mwaka huu, sikiliza.

Nunua daftari. Andika mwenyewe saa ya kuingia na ya kutoka, siku hiyo hiyo. Msimu wangu wa pili nilitegemea kitabu cha getini, kumbe mlinzi alikuwa anatuandika wote tumetoka saa kumi na moja jioni. Ndivyo alivyoagizwa. Saa zangu zaidi ya thelathini ziliyeyuka hivihivi, na sikuwa na hata karatasi ya kubishania.

Halafu jua hesabu. Kwa wiki ya saa 45, gawa mshahara wa mwezi kwa 195. Anayelipwa 390,000 anapata 2,000 kwa saa. Ovataimu ni mara moja na nusu, yaani 3,000. Siku yako ya mapumziko au sikukuu ni mara mbili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka ovataimu iwe ya makubaliano, isizidi saa 50 ndani ya wiki nne, na siku nzima isipite saa 12. Sasa rudi kwenye ile saa moja hadi saa tatu: hata ukitoa saa ya kula, imezidi. Mimi simfokei mtu. Naenda na daftari, naonyesha, naomba tugawane zamu. Ila soma mkataba kwanza, maana wengi tulisaini tukiwa na njaa ya kazi.

Ukitaka siku moja, labda mtoto ana kliniki, iombe kabla orodha haijaandikwa. Jina likishakaa pale, kulifuta ni ugomvi.

Chakula ni kifupi: beba mihogo ya kuchemsha na samaki kutoka nyumbani. Chipsi za usiku zinakulaza na kumaliza hela.

Hatari kubwa ni namba. Usiku mmoja niliandika kilo 4,360 badala ya 3,460. Siku mbili tukahesabu gunia moja moja, na mkulima mwenye mzigo amekaa pembeni ananitazama tu. Heri angenitukana. Tangu hapo, ikifika saa mbili usiku naisoma namba kwa sauti, kuli aliye jirani anairudia, ndipo naandika. Wanaume wa zamu yangu walinicheka wiki ya kwanza. Sasa wanafanya wote.

Na usafiri upange mapema, usiku bodaboda wanajitajia bei. Nina kijana wa bajaji, namlipa kila Jumamosi. Asiponiona getini anapiga simu, nisipopokea anaingia kunitafuta. Mara mbili amenikuta nimelala juu ya magunia, kalamu mkononi.