Alama 100 ya Lighthouse isikutulize

Walimu wenzangu wa Tanga mnaoweka masomo mtandaoni: kabla ya kulifungulia darasa, lipitisheni somo kwenye WAVE au Lighthouse, programu zinazokagua kama ukurasa unatumika na watu wenye ulemavu, wakiwemo wasioona. Zote ni za bure, na Lighthouse, inayotoa alama hadi 100, imo tayari ndani ya Chrome. Zinaonyesha picha zisizo na maelezo ya maandishi ya kusomewa asiyeona, visanduku vya fomu visivyo na lebo, na maandishi yaliyofifia. Kiwango cha WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kurasa zinazofaa watu wenye ulemavu, kwa maandishi ya kawaida ni utofauti wa 4.5 kwa 1 kati ya herufi na rangi ya nyuma. Kijivu hafifu juu ya nyeupe hakifiki hapo.

Lakini programu inajua tu kwamba maelezo ya picha yapo. Haijui kama yana maana. Chukua mchoro wa usindikaji wa mkonge ulioandikiwa “mchoro wa tatu”. Lighthouse inaupitisha, na mwanafunzi asiyeona anasikia “mchoro wa tatu”, basi. Amekosa somo zima! Andika: “Majani yanapita kwenye mashine ya korona, nyuzi zinaoshwa, kisha zinaanikwa juani.” Sasa naye yumo darasani.

Baada ya hapo pakua NVDA, programu inayosoma skrini kwa sauti, nayo ni ya bure kwa Windows, uzime skrini na kupita somo kwa kibodi peke yake. PDF iliyoskaniwa mara nyingi itakaa kimya, maana kwa kompyuta ni picha tu. Weka maandishi halisi badala yake. Na kama darasani kuna mwanafunzi asiyeona, mwombe aipitie moduli ya kwanza, umlipe muda wake.