Namna ya Kuandika Ripoti ya Mwaka ya Kitivo cha Sheria

Anza na vipaumbele vilivyotangazwa mwaka uliotangulia na ueleze kila kimoja kimefikia wapi, kwa kuwa msomaji makini ataiweka ripoti mpya kando ya ile ya zamani na kuiona mara moja ahadi iliyoachwa kimyakimya.

Panapohitaji uangalifu mkubwa ni matokeo ya mtihani wa uwakili. Wakifaulu wahitimu 40 kati ya 50, hiyo ni asilimia 80. Lakini takwimu hiyo haina uzito mpaka useme kama wote walikuwa wakiufanya mtihani kwa mara ya kwanza au baadhi yao walikuwa wakirudia, na kama wapo ambao hawakuufanya kabisa. Kwenye ajira, watenganishe walio katika kazi zinazohitaji shahada ya sheria na walio katika kazi nyinginezo.

Kazi ya kliniki ya msaada wa kisheria, yaani ofisi ya kitivo ambako wanafunzi huwasaidia wateja chini ya usimamizi, huelezeka vizuri kwa shauri moja, tuseme la mpangaji aliyekuwa karibu kufukuzwa, bila jina wala maelezo yanayoweza kumtambulisha, maana wajibu wa kutunza siri za mteja haukomi shauri linapofungwa. Majengo na hafla yatoshe kwa aya fupi, ingawa wakuu wengi wa vitivo huyapenda kupita kiasi.

Vipaumbele vya mwaka ujao viwe vichache, kila kimoja na msimamizi, bajeti na muda wake: "kuimarisha ufundishaji" hakupimiki, ilhali kuajiri mhadhiri wa sheria ya kodi kabla ya muhula wa pili kunapimika.