Universal Credit hupima mwezi: mwongozo kwa familia zetu Uingereza zilizotoka kwenye Tax Credits

Tax Credits, mafao ya zamani ya wenye watoto na wafanyakazi wa kipato kidogo, zilifungwa tarehe 5 Aprili 2025. Waliokuwa wakilipwa Child Tax Credit, Working Tax Credit, Housing Benefit, Income Support, au JSA (fao la wanaotafuta kazi) na ESA (fao la wagonjwa wasioweza kufanya kazi) za kipato waliandikiwa barua na DWP, idara ya kazi na mafao, wakipewa miezi mitatu kuomba Universal Credit, fao moja lililochukua nafasi ya hayo yote. Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili zimeshavuka. Kinachozisumbua sasa ni kwamba bado zinaishi kwa hesabu ya zamani.

Hesabu ya zamani ilikuwa ya mwaka. HMRC, mamlaka ya kodi, iliangalia kipato cha mwaka mzima, ikalipa kila wiki au kila wiki nne, na ukikosea mlirekebishana mwisho wa mwaka. Universal Credit hufunga hesabu kila mwezi. Kila kilichoingia ndani ya mwezi wako, na kila siku uliyokuwa nje ya nchi, hupimwa humo humo. Karibu kila tatizo lililoelezwa hapa chini linatokana na tofauti hiyo.

Viwango vilivyotajwa ni vya mwaka wa fedha 2025/26. Hubadilika kila Aprili.

Tarehe ya kuomba ndiyo kalenda yako

Siku unayotuma ombi ndiyo siku ya kwanza ya kipindi chako cha hesabu, na haibadiliki. Ukituma tarehe 12, kipindi chako ni tarehe 12 hadi 11 ya mwezi unaofuata, kisha pesa huingia siku saba baadaye. Ndiyo maana malipo ya kwanza huchukua takriban wiki tano. Kwa wanandoa, kila mmoja hufungua akaunti yake, mmoja hupewa msimbo wa kuunganisha, na ombi halihesabiki limetumwa mpaka wote wawili wamalize. Mume akijaza leo na mke akachelewa wiki, wiki hiyo imepotea.

Kama unalipwa mshahara kwa mwezi, tuma ombi siku mbili tatu baada ya mshahara kuingia. Anayelipwa tarehe 28 kisha akatuma ombi tarehe 28 hiyo hiyo anajitafutia balaa: mwezi ambao tarehe 28 ni Jumapili, mwajiri atalipa Ijumaa tarehe 26, na mishahara miwili itaangukia kipindi kimoja. Kama ulishaomba tarehe mbaya na unalipwa kwa mwezi, andika kwenye daftari la mtandaoni, lile wanaloliita journal, uombe mshahara mmoja uhamishiwe kipindi chake. Utaratibu huo upo tangu 2020.

Wanaolipwa kila wiki nne hawana njia hiyo, na kwetu ni wengi: walezi wa wazee, wafanyakazi wa maghala, wasafishaji. Mwaka una malipo kumi na matatu ya wiki nne, kwa hiyo mara moja kwa mwaka utapata mishahara miwili katika kipindi kimoja.

Tazama hesabu ya mume na mke waliotimiza miaka 25, watoto wawili, mkubwa akiwa amezaliwa kabla ya 6 Aprili 2017, kodi ya nyumba pauni 850 inayokubalika yote, na mshahara mmoja wa pauni 1,600 baada ya makato:

Posho ya msingi ni 628.10. Mtoto wa kwanza 339, wa pili 292.81. Ongeza kodi 850, jumla inafika 2,109.91. Kwenye mshahara, pauni 411 za mwanzo haziguswi kwa sababu wana watoto na wanasaidiwa kodi. Zinabaki 1,189, na kwa kila pauni hukatwa senti 55, yaani 653.95. Wanalipwa pauni 1,455.96.

Mwezi wa mishahara miwili, kipato kinahesabiwa 3,200 na makato yanapanda hadi 1,533.95. Wanalipwa 575.96. Zimepungua pauni 880 kwa mkupuo. Hakuna aliyekosea na hakuna wa kumlalamikia. Dawa ni kuandika tarehe zote kumi na tatu za mshahara kwenye kalenda, kuujua mwezi huo mapema, na kutoutuma nyumbani ule mshahara wa ziada, maana ndio kodi ya nyumba ya mwezi unaofuata. Malipo yakishuka hadi sifuri, akaunti yaweza kufungwa. Ingia uombe tena mara moja, usisubiri barua.

Wiki tano za kwanza

Aliyekuwa na Housing Benefit, Income Support, JSA au ESA ya kipato huongezewa wiki mbili za malipo ya zamani, na hazirudishwi. Tax Credits hazikuwa na nyongeza hiyo: zilikatika siku moja kabla ya ombi lako. Child Benefit haihusiki, inaendelea kama kawaida.

Pengo lililobaki huzibwa na advansi, yaani mkopo wa DWP unaokatwa kwenye malipo yako ya baadaye. Unaweza kupewa hadi kiasi kizima cha malipo ya kwanza yanayokadiriwa, bila riba, na kulipa kwa muda usiozidi miezi 24. Ushauri wetu ni kuchukua kinachotosha kodi, umeme na chakula, basi. Kumbuka kwamba deni la Tax Credits ulilolisahau nalo hukufuata huku na kukatwa pamoja na advansi. Tangu Aprili 2025 makato ya madeni mengi hayazidi asilimia 15 ya posho ya msingi. Ukiona yamezidi, uliza ni deni gani.

Mambo mawili huachwa kila mara. La kwanza: Universal Credit haiombi punguzo la Council Tax, kodi ya kansoli, kwa niaba yako. Hilo unaomba mwenyewe kwa kansoli, siku ile ile ikiwezekana, kwa sababu kansoli nyingi hazirudi nyuma mbali. La pili: kodi ya nyumba sasa inaingia mkononi mwako, si kwa mwenye nyumba. Panga malipo ya benki yatoke yenyewe siku inayofuata siku yako ya malipo. Kama mmeshapata malimbikizo, ombeni kodi ilipwe moja kwa moja kwa mwenye nyumba.

Nyumba, kiwanja na pesa za chama

Tax Credits hazikuuliza akiba. Universal Credit inauliza, na swali hilo linavuka bahari. Mali ya mume na mke hujumlishwa. Chini ya pauni 6,000 haina athari. Kati ya 6,000 na 16,000, kila pauni 250 au sehemu yake hupunguza malipo kwa pauni 4.35 kwa mwezi. Mwenye 9,000 hukatwa 52.20. Ikizidi 16,000, hakuna malipo. Waliohama Tax Credits kwa barua walisamehewa kizidio hicho kwa vipindi 12 tu, kisha kanuni ya kawaida inawashika.

Mali ni pamoja na nyumba ya Kigamboni, kiwanja cha Kitengela na lile jengo la kustaafia ambalo halijaezekwa. Huthaminiwa kwa bei ya soko ya huko, hutolewa asilimia 10 ya gharama za kuuza pamoja na mkopo uliowekewa dhamana ya mali hiyo. Nyumba yenye thamani ya pauni 30,000 isiyo na mkopo huhesabiwa 27,000, na hapo umeshatoka.

Lakini kuna msamaha ambao wengi hawaujui. Nyumba anamoishi ndugu wa karibu, mfano mzazi, mkwe, kaka au dada, ambaye amefikia umri wa pensheni au ana ugonjwa unaomzuia kufanya kazi, haihesabiwi. Nyumba uliyomjengea mama mwenye miaka 72 na anaishi humo, itaje kwenye fomu, kisha eleza nani anaishi humo na umri wake. Usiifiche kwa hofu. Ardhi ya ukoo ambayo si yako peke yako nayo ielezwe hivyo hivyo, kwa barua ya familia au ya serikali ya mtaa inayoonyesha hisa yako ni ipi.

Kama wewe ni mweka hazina wa chama cha kuchangishana au mchango wa msiba ulipitia kwenye akaunti yako, DWP wataanza kwa kudhani zote ni zako. Katika ukaguzi huomba taarifa za benki za miezi minne. Weka daftari la wanachama, jumbe za kundi, na uthibitisho wa pesa zilikokwenda. Bora zaidi, fungueni akaunti ya chama peke yake.

Na kumtumia kaka pauni 8,000 wiki moja kabla ya kuomba hakusaidii. Wakiona ulitoa ili ustahili mafao, watahesabu kana kwamba bado unazo. Pesa unazotuma nyumbani kila mwezi hazikatazwi, ila hazipunguzi kipato chako katika hesabu.

Mmoja ana karatasi, mwingine hana ruhusa ya mafao

Hapa ndipo familia nyingi zimeshtuka. Kwenye Tax Credits, mara nyingi mke na mume waliweza kudai pamoja hata kama mmoja viza yake ilikataza fedha za umma. Kwenye Universal Credit, mwenye haki hudai kwa kiwango cha mtu mmoja, 400.14 badala ya 628.10, na bado kipato na akiba za mwenzake huhesabiwa zote. Watoto huhesabiwa kama kawaida.

Kudai hivyo hakuvunji masharti ya viza ya mwenzako, mradi umemtaja wazi na hamkuomba kiwango cha wawili. Ila kabla hajatajwa kwenye punguzo la Council Tax, ongea na mshauri wa uhamiaji, kwa kuwa punguzo hilo ni fedha za umma. Siku atakapopata ukaazi wa kudumu, ripoti siku hiyo, maana malipo yanapanda.

Safari ya nyumbani

Zamani uliruhusiwa wiki 8 nje, au 12 kukiwa na msiba au ugonjwa. Sasa ni mwezi mmoja. Akifariki ndugu wa karibu na haiwezekani kurudi kwa wakati, muda waweza kufika miezi miwili. Matibabu, hadi sita. Tiketi ya wiki tano ni kosa tangu siku ya kwanza, kwa sababu wanaangalia ulichopanga, siyo tu ulichofanya.

Watoto nao wanahesabiwa. Likizo ya kiangazi ya shule ni takriban wiki sita, na bibi wa Mombasa anataka wajukuu wote sita. Mtoto aliyepangwa kukaa nje zaidi ya mwezi huondolewa kwenye hesabu, hata kama ninyi wazazi mko Leicester mnafanya kazi. Wapelekeni kwa siku 28.

Malezi, kinga na watoto wa tatu

Msaada wa malezi umepanda kutoka asilimia 70 hadi 85 ya gharama, hadi pauni 1,031.88 kwa mtoto mmoja na 1,768.94 kwa wawili au zaidi. Unalipa kwanza, kisha unapakia risiti kabla kipindi kinachofuata hakijaisha. Ukianza kazi au kuongeza saa, muulize mshauri wako wa Jobcentre akusaidie malipo ya mwanzo kabla hujalipa mwenyewe. Mlezi lazima awe amesajiliwa. Shangazi aliyekuja kukaa nanyi hahesabiki, hata akilea vizuri kuliko nasari.

Aliyehama kwa barua na kwa wakati, na malipo mapya yakawa madogo kuliko ya zamani, alipewa kinga ya mpito, yaani nyongeza ya kuziba tofauti hiyo. Kinga hiyo huliwa kidogo kidogo kila kiwango kingine kinapopanda, isipokuwa cha malezi. Kutengana au kuoa upya kunaweza kuifuta moja kwa moja.

Novemba 2025 serikali ilitangaza kuondoa kikomo cha watoto wawili, kanuni iliyozuia malipo ya mtoto wa tatu na kuendelea, kuanzia Aprili 2026. Hakikisheni watoto wote wameandikwa kwenye akaunti, hata yule ambaye hamkuwahi kulipiwa. Familia kubwa itazame pia ukomo wa jumla wa mafao (benefit cap): pauni 1,835 kwa mwezi nje ya London, 2,110.25 ndani yake. Mkiingiza angalau pauni 846 za mshahara kwa mwezi, ukomo huo hauwagusi.

Mkikataliwa

Mna mwezi mmoja tangu siku ya uamuzi kuomba uangaliwe upya, na mwezi mwingine baada ya jibu kukata rufaa kwenye baraza la rufaa (tribunal). Ombeni mkalimani wa Kiswahili, ni bure. Msimtumie mtoto wa darasa la tano kutafsiri "mali" na "mtaji". Kwa ombi jipya nchini England, Citizens Advice husaidia bure kwa namba 0800 144 8444.

Jambo lolote la simu liandikeni tena kwenye daftari la mtandaoni, kwa tarehe. Kabla ya safari, mfano, ujumbe unatosha kuwa hivi: nasafiri Dar es Salaam tarehe 3 Agosti, narudi tarehe 29 Agosti, tiketi nimeambatanisha, watoto wangu wawili nasafiri nao na tunarudi pamoja.